Pwani Isiyo na Chumvi

Mwambie mtu wa Nairobi kwamba Kenya ina pwani mbili, atadhani unamchezea. Kwake pwani ni Mombasa, minazi, mahamri, na picha za Diani kwenye simu. Lakini huku Nangina, ukipanda boda boda kuelekea Sio Port, unafika pwani nyingine ambayo haimo kwenye kalenda za hoteli. Haina chumvi. Ina omena, mumi, kamongo, mafunjo, mbu, na mpaka wa nchi mbili unaopita mtoni.

Neno lenyewe linaturuhusu kuiita hivyo. Pwani inatokana na kupwa. Ni mahali maji yanaporudi nyuma na kuacha ardhi wazi. Baharini maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kwa hiyo hata mtoto wa Lamu anajua asiache viatu vyake wapi. Ziwa Victoria nalo hupwa na kujaa, ila kwa mwendo wake lenyewe. Mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962, zile zinazoitwa mvua za uhuru, zililipandisha hadi Mei 1964 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.41. Kufikia 2006 lilikuwa limeshuka zaidi ya mita 2 chini ya hapo, kwa sababu ya ukame na kwa sababu ya maji mengi kuachiliwa kupitia mabwawa ya umeme ya Jinja. Mei 2020 likarudi palepale na kupita kidogo: 13.42.

Kati ya kujaa na kujaa, miaka 56. Mtu aliyezaliwa maji yakiwa juu anaweza kupata wajukuu kabla hajayaona tena. Katikati hapo watu wanalima, wanajenga, wanauziana ploti, marais wanabadilika, na hakuna anayekumbuka maji yalifika wapi. Halafu ziwa linarudi kudai chake, na sisi tunaandika kwenye mitandao kwamba ni maajabu.

Ninachotaka kusema ni hiki. Mpango wa serikali ya mtaa, yale makaratasi mazito ambayo hakuna msee wa rika langu anayefungua, ni kumbukumbu ya ufuo iliyowekwa mahali ambapo pesa na nguvu zinalazimika kuisoma. Kwa zaidi ya miaka mia moja ufuo huu ulipangwa na watu ambao hawakuwa na kumbukumbu hiyo. Tangu 2013 kalamu iko karibu zaidi na sisi kuliko wakati wowote, na wengi wetu hatujashtuka.

Tuanze na reli. Kapteni J. R. L. Macdonald, aliyeongoza upimaji wa njia ya reli mwaka 1891 na 1892, alipendekeza iishie Ghuba ya Berkeley, hapa kwetu, mahali palipopewa jina la Port Victoria. Wapimaji waliomfuata wakaona Kisumu iko karibu zaidi, na reli ikafika huko Desemba 1901. Port Victoria ikabaki na jina la bandari kubwa na maisha ya kijiji cha wavuvi. Siwezi kusema tulipunjwa au tuliponea. Nataka tu uone namna uamuzi ulivyofanyika: ufuo mzima ulipandishwa cheo na kushushwa ndani ya miaka 10, na wenye mitumbwi hawakuulizwa.

Mwaka uliofuata, Aprili 1902, eneo lote hili lilihamishwa kutoka Uganda na kuwekwa chini ya utawala wa Afrika Mashariki, ile nchi ambayo baadaye ingeitwa Kenya. Mpaka ulipotulia, upande wa ziwani ukafuata Mto Sio. Wasamia wakajikuta wengine Kenya, wengine Uganda. Kinamasi cha Sio-Siteko nacho kikagawanywa vivyo hivyo. Nyumba za ndugu zikapata bendera tofauti, na samaki waliendelea kupanda mto ule ule kutaga mayai.

Halafu ukaja ugonjwa wa malale. Mwanzoni mwa karne iliyopita uliua zaidi ya watu 200,000 kwenye fuo na visiwa vya Uganda, na Samia na Bunyala hazikusalimika. Dawa haikuwepo, ila ilijulikana kwamba mbung'o anayeueneza anakaa kwenye vichaka vya kando ya maji. Gavana wa Uganda, Hesketh Bell, akaamuru watu waondolewe maili 2 kutoka ziwani. Ukitafuta mpango wa kwanza mkubwa wa serikali kuhusu ufuo wa ziwa hili, ni huo: mstari kwenye ramani na watu kusukumwa nyuma yake. Yawezekana uliokoa maisha. Lakini pia ulikata watu kutoka kwa samaki, mashamba na makaburi yao, na ukaifundisha serikali tabia ambayo haijaisha, ya kuona ufuo kama mahali pa kuondolea watu.

Mpango wa pili mkubwa ulihusu nyavu. Nyavu za kuzamisha zililetwa ziwani mwaka 1905, na wavuvi wakazichangamkia kwa sababu zilileta samaki wengi kwa kazi kidogo. Baada ya miaka 20 hivi ngege wakaanza kuwa adimu. Serikali za wakoloni zikamtuma mtaalamu Michael Graham, aliyezunguka ziwa mwaka 1927 na 1928, na ushauri wake ulikuwa mwepesi kueleza: jicho la wavu lisiwe chini ya inchi 5, ili samaki wadogo wapite wakakue. Sheria ikatungwa. Ikadumu hadi Uganda ilipoifuta mwaka 1956. Kenya na Tanganyika nazo zikafuata. Mtu yeyote aliyekulia mpakani anaelewa kwa nini. Kama jirani yako ng'ambo ya maji anaruhusiwa wavu mdogo, na wewe huruhusiwi, samaki mnayemgombea ni mmoja. Sheria ya upande mmoja wa mto inakuwa faini kwa mtu mwaminifu.

Kuna samaki anayeitwa ningu. Huishi ziwani, lakini mvua zikianza hupanda Nzoia, Sio na mito mingine kutaga. Watu wa Bunyala walikuwa na mitego ya mtoni kwa ajili yake, vizuizi vya fito na matete na vikapu vilivyofumwa, kazi ya pamoja iliyohitaji kujua mto na msimu. Kisha nyavu zikatandazwa mlangoni mwa mito, pale pale ningu anapopita akiwa amebeba mayai. Mwaka 1965 mtafiti D. A. Cadwalladr aliandika kuhusu Nzoia mambo mawili kwa pamoja: ningu wamepungua, na mbinu za wenyeji za kuvua mtoni zinadhoofika. Mimi nikisoma hilo naona hasara mbili zilizofungana. Samaki akiisha, ufundi wa kumvua nao unaisha, na ufundi huo ndio uliokuwa na maarifa ya wakati gani umwache apite.

Uhuru ulipokuja, Samia na Bunyala zilitolewa Nyanza na kutiwa Magharibi, zikawa sehemu ya wilaya mpya ya Busia. Ardhi iliyokuwa ya jamii ikawekwa mikononi mwa halmashauri za kaunti zile za zamani, kama amana, kwa manufaa ya wakazi. Kwenye karatasi ilikuwa safi: baraza la hapa, ardhi ya hapa. Lakini mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria iliyozinyang'anya halmashauri hizo shule za msingi, afya na barabara, pamoja na kodi iliyokuwa ikizilisha. Kuanzia 1970 zikabaki na ushuru wa soko, leseni za maduka, na ile amana.

Hebu fikiria halmashauri isiyo na pesa, isiyo na mpangaji wa mazingira, lakini yenye mamlaka juu ya maelfu ya hekta za kinamasi ambacho kila mkubwa serikalini anakiita ardhi iliyolala. Mwekezaji akibisha hodi, atajibiwa nini?

Jibu lilionekana Yala. Kinamasi cha Yala ndicho kinamasi kikubwa zaidi cha maji baridi nchini, hekta 17,500 hivi, na hakijali mipaka. Kiko Siaya na kinaingia Busia kupitia Bunyala. Ndani yake mafunjo huchuja tope la mito kabla halijaingia ziwani. Wamo nzohe, swala anayetembea majini. Limo Ziwa Kanyaboli, ambako ngege wa asili bado yupo ingawa ziwani amekaribia kutoweka. Mbuta, aliyeletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na kula karibu kila kitu, hajamfikia huko. Mbuta anataka maji yenye hewa nyingi, na hawezi kuvuka ukuta wa mafunjo. Yaani mimea ambayo serikali iliita pori ndiyo iliyohifadhi samaki ambaye sheria ya inchi 5 ilishindwa kumhifadhi.

Hekta 2,300 hivi za kinamasi hicho zilikuwa zimekaushwa tangu miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 2003 halmashauri za Siaya na Bondo zikakubaliana na kampuni ya Kimarekani, Dominion, kuipa hekta 6,900 hivi kwa miaka 25 ilime mpunga. Barabara zilitengenezwa, ajira zikapatikana, hilo usilifiche. Lakini yakafuata malalamiko ya miaka mingi: malisho yaliyofungwa, mashamba yaliyofunikwa na maji nyuma ya ukuta wa bwawa, dawa zilizonyunyizwa kwa ndege, njia za kufikia maji zilizokatwa. Kampuni iliondoka kabla ya miaka yake kwisha. Baadaye ikaja nyingine, Lake Agro, na ubishi kuhusu nani ana haki ya kutoa ardhi hiyo ukaanza upya.

Ni rahisi kusema tatizo lilikuwa mzungu, au rushwa, au siasa za Nyanza. Mimi naona tatizo la msingi zaidi. Mwaka 2003 hapakuwa na mpango wowote wenye nguvu uliosema: hapa mafunjo yabaki, hapa ng'ombe wapite, hapa mpunga unaweza. Bila karatasi hiyo, kila mazungumzo yanaanza na ramani tupu, na ramani tupu humfaa aliyekuja na mchoro wake tayari.

Pwani ile nyingine, yenye chumvi, ilishapita njia hii. Delta ya Mto Tana iliandamwa na miradi mikubwa, ukiwemo wa miwa wa mamlaka ya TARDA pamoja na kampuni ya Mumias, jina tunalolijua vizuri huku magharibi. Wenyeji wakaenda mahakamani. Mwaka 2012 mapigano kati ya wakulima na wafugaji yakaanza, na zaidi ya watu 100 wakauawa kabla hayajatulia. Februari 2013 Mahakama Kuu ikaamuru serikali iandae mipango ya matumizi ya ardhi ya delta hiyo kwa kuwashirikisha wenyeji. Kaunti za Tana River na Lamu zikafanya hivyo, na mpango ukatoka: maeneo ya malisho, ya kilimo, ya uhifadhi, na njia za mifugo kufikia mto. Siaya na Busia wakafuata nyayo hizo kwa Yala, wakisaidiwa na mashirika kama Nature Kenya na vikundi vya wenyeji.

Hapo ndipo Katiba ya 2010 inapoingia, na naomba usiruke aya hii. Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi ya mipango ya kaunti, pamoja na uvuvi na utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo, maji na misitu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaongeza meno: kifungu cha 104 kinasema pesa za umma zisitumike nje ya mpango. Kila kaunti inatakiwa kuwa na mpango wa maendeleo wa miaka 5, ule unaoitwa CIDP, na mpango wa ramani wa miaka 10 unaoonyesha nini kikae wapi, yakiwemo maeneo ya kuhifadhiwa. Na ushiriki wa wananchi ni lazima kisheria. Halmashauri ile maskini ya 1970 haikuwa na hata robo ya silaha hizi.

Basi mbona mafunjo yanaendelea kukatwa na mchanga kuchotwa?

Sehemu ya jibu niliiona kwenye kikao cha kukusanya maoni katika kaunti nisiyoitaja. Nilikuwa nimeshaacha chuo, nikiandika vijimakala vya kulipia kodi, na mtu alinipa kazi ya kunukuu watu. Ramani iliangazwa ukutani. Maelezo yote kwa Kiingereza. Mama mmoja anayesuka mikeka aliinuka akauliza: "Hii kijani hapa, ni mafunjo ama ni mpunga?" Afisa akatazama, akasema ni "eneo la kijani kwa jumla." Mama akasema, "Mimi nikikata mafunjo naacha mizizi yanaota tena. Mpunga ukiingia hayaoti. Hizo si kijani moja." Watu wakacheka, afisa akaandika kitu, kikao kikaendelea hadi soda.

Lile swali lilikuwa kazi nzima ya mpango. Kama kijani cha msusi na kijani cha mwekezaji vina rangi moja kwenye ramani, basi siku mmoja akimmeza mwenzake, kwenye karatasi hakuna kitakachokuwa kimebadilika. Hakuna sheria itakayovunjwa.

Sehemu nyingine ya jibu ni mstari wa maji. Kanuni za mwaka 2006 kuhusu ubora wa maji zilikataza kulima au kujenga kandokando ya mto kwa mita 6 hadi 30, na mita hizo zilihesabiwa kulingana na kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichorekodiwa. Soma tena neno la mwisho. Kilichorekodiwa na nani? Mto usiokuwa na kipimo umerekodiwa na watu waliokuwepo. Kuna wazee Samia na Bunyala ambao mwaka 1962 walikuwa watoto waliobebwa mgongoni kukimbia maji. Wanajua mti gani ulibaki juu na boma lipi lilihamishwa. Hicho ni kipimo pia, na kila mwaka tunazika sehemu yake.

Gharama ya kusahau tunaijua. Bunyala ilijengewa kuta za udongo kando ya Nzoia ili mto usihame, na nyuma ya kuta watu wakalima na kujenga wakiamini maji yamefungwa. Kuta zilipasuka 2007 na 2008. Mwaka 2020 mto ukafurika tena huku ziwa nalo likiwa limejaa, maji yakakosa pa kwenda, na familia zikarudi kambini. Ukuta ni kitu kizuri. Lakini ukuta bila mpango unawaambia watu wahamie mahali ambapo ukuta wenyewe ukianguka watazama.

Sitaki kukudanganya kwamba mpango mzuri unatosha. Yala ina mpango, na bado ubishi wa ardhi haujalala. Busia inaweza kulinda upande wake wa Sio kwa kila kifungu cha sheria, lakini nusu ya kinamasi iko Uganda, na historia ya wavu wa inchi 5 imetuonyesha mwisho wa sheria ya ng'ambo moja. Nchi za bonde la Nile zimeshakaa pamoja kuandaa mpango wa Sio-Siteko kwa pande zote mbili. Huo ndio mwelekeo, hata kama ni wa polepole. Wanawake wanaovuka kuuza omena soko la Busia hawajawahi kuhitaji mkataba kujua kwamba ziwa ni moja.

Ila mpango unafanya jambo ambalo maandamano na mitandao haviwezi. Unampa mtu wa kawaida karatasi ya kupeleka mahakamani. Watu wa Tana walilazimika kuomba mpango uandikwe, kwa sababu haukuwepo. Anayekuja baada yao anaweza kuuliza tu kwa nini haufuatwi, na hilo ni swali ambalo jaji anaweza kulijibu kwa siku chache.

CIDP ya sasa inaisha 2027. Ijayo itaandikwa wakati kila mtu ana homa ya uchaguzi, na tangazo la vikao litatoka gazetini kwa herufi ndogo. Kuna kazi ya kufanya kabla ya hapo, na haihitaji digrii, amini mtu asiyekuwa nayo. Nenda kwa nyanya au babu yako, muulize maji ya uhuru yalifika wapi. Mwombe mwende pamoja akuonyeshe. Simama pale, simu itakupa alama ya mahali. Uliza pia ningu walikuwa wakipanda mto wapi, na msusi wa mikeka anakata wapi. Andika, kwa lugha yoyote, weka tarehe, peleka kwa afisa wa wadi na kwa MCA, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Mwaka 1892 aliyepima ufuo huu alikuja na dira na wapagazi, akaondoka na ramani. Wewe una kifaa bora mfukoni, na una watu wanaokumbuka.